Nikikosa wiki mbili za mazoezi kwa sababu ya sherehe, nimepoteza kiasi gani?

Swali

Shikamoo Kocha. Mimi ni mhasibu, mama wa watoto watatu, naishi Njiro hapa Arusha. Nimejiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon, Moshi, mwishoni mwa Februari, na ni mara yangu ya kwanza kwa umbali huo. Nakimbia siku tano kwa wiki, jumla kama kilomita 45. Jumamosi ndiyo siku ya mbio ndefu, na sasa mwanzoni mwa Novemba nimefika kilomita 18. Tatizo ni kalenda. Katikati ya Desemba binti yetu mkubwa anapata kipaimara. Wiki inayofuata tunapanda Machame, ukweni, hadi baada ya mwaka mpya. Jumamosi ya tatu ya Januari mdogo wangu wa kiume anaoa. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati na vikao ni Jumatano na Jumapili jioni. Kijana mmoja tunayekimbia naye anasema kila wiki ninayokosa inanirudisha mwanzo. Ni kweli? Nikikosa nifidie vipi? Mume wangu hanikatazi, lakini naona Jumamosi zinamchosha, na wenzangu wa kikoba wanasema nimewatupa.

Jibu

Marahaba, mama. Huyo kijana amekutisha bure. Pumzi iliyojengwa kwa miezi haitoki mwilini kwa wiki moja, wala kwa mbili.

Mwaka 1984 huko Marekani, Edward Coyle na wenzake waliwasimamisha mazoezi watu saba waliokuwa wamezoea kujifua kwa muda mrefu, wakawa wanawapima kadiri siku zilivyokwenda. Baada ya siku 21, uwezo wa juu wa miili yao kutumia oksijeni, ambao ndio kipimo kikuu cha pumzi, ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7. Hao walikaa tu wiki tatu nzima. Sehemu kubwa ya upungufu huo wa mwanzo iko kwenye damu: ukiacha mazoezi, majimaji ya damu yanapungua, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mtu aliyepumzika siku kumi akirudi barabarani anahema kwenye kilima alichokuwa anakipanda huku anaongea, akaamini ameisha. Hajaisha. Majimaji hayo yanarudi ndani ya siku chache za mazoezi.

Na wewe hutasimama kabisa. Kuanzia 1981, Robert Hickson wa Chicago aliwapa watu mazoezi siku 6 kwa wiki, dakika 40 kila siku, kwa wiki 10. Kisha akawapunguzia: wengine siku 4, wengine siku 2 tu kwa wiki, kwa ukali ule ule, na wakaendelea hivyo wiki 15. Pumzi haikushuka. Baadaye akapunguza muda badala ya siku, hadi dakika 26 kwa wengine na 13 kwa wengine. Pumzi ikabaki, ingawa wale wa dakika 13 walianza kupungukiwa na uwezo wa kwenda kwa muda mrefu. Alipokuja kupunguza ukali wa zoezi lenyewe, siku na muda vikabaki vilevile, ndipo pumzi iliposhuka.

Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa: wiki ya sherehe punguza siku, punguza muda, usipunguze ukali. Wakimbiaji wengi wenye familia hufanya kinyume. Wanang'ang'ania siku zao tano, wanaamka wamechoka, wanaburuta miguu kilomita nane kila alfajiri ili wasikose, na mwisho wa wiki hawakupata zoezi wala hawakuwepo nyumbani.

Chukua wiki ya kipaimara. Jumanne alfajiri pasha misuli dakika 10, kisha kimbia vipindi vitano vya dakika 3 kwa kasi ambayo huwezi kusema zaidi ya maneno mawili matatu, ukijogi taratibu dakika 2 katikati ya kipindi na kipindi, umalizie na dakika 5 za kupoa. Zote hazifiki dakika 45. Alhamisi toka dakika 40, na 20 za katikati ziwe kwa kasi unayoweza kuishikilia kilomita 21. Basi. Ijumaa na Jumamosi unapokea wageni, unakagua sufuria, unampeleka binti kusuka. Sitaki Jumapili hiyo uamke saa 10 usiku kuiba kilomita 20 halafu usinzie wakati mwanao anawekewa mikono. Mbio hizi zilianza 2003 na mwakani utazikuta. Kipaimara cha binti huyo hakirudiwi.

Sasa upande wa pili, maana sitaki uondoke na nusu ya habari. Utafiti huo unahusu pumzi, na kilomita 42 hazimalizwi kwa pumzi peke yake. Kuna miguu: misuli, kano na mifupa inayohitaji kuzoeshwa saa tatu za kugonga lami. Hiyo haijengwi na vipindi vya dakika 3. Kwa hiyo katika kalenda yako kitu cha kulinda ni mbio ndefu, na si lazima uwe nayo kila Jumamosi. Kati ya leo na mbio una Jumamosi kama kumi na tano. Andika kwanza kipaimara, Krismasi na harusi, kwa kalamu ya wino. Zinazobaki zinatosha.

Mimi ningezipanga hivi. Novemba panda 20, kisha 22, shuka 16 mwili upumzike, halafu 24. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, 26. Wiki ya kipaimara hakuna. Machame nitakuja nayo. Ukirudi mjini Januari anza na 22, kisha 28. Wiki ya harusi hakuna. Jumamosi inayofuata, 24. Ya kwanza ya Februari ndiyo kubwa kuliko zote, 30, na ukiona saa tatu na nusu zimetimia kabla ya kilomita hizo, simama hapo hapo urudi nyumbani. Kupita hapo uchovu unaongezeka kuliko faida. Kisha unapunguza hadi siku ya mbio: 20, halafu 12, ukiacha kasi kidogo katikati ya wiki ili miguu isilale.

Ulipouliza ufidie vipi, jibu langu ni kwamba usifidie kabisa. Wewe ni mweka hazina, utanielewa: mazoezi si mchango wa harusi kwamba usipotoa mwezi huu utatoa mara mbili mwezi ujao. Moyo na damu vinazoea mzigo upesi, lakini kano na mifupa vinachukua miezi, na mwenye mwili haoni tofauti hiyo kwa sababu pumzi inamwambia yuko sawa. Hapa Moshi ninakofanya fiziotherapia, wagonjwa wa Januari wananijia na hadithi inayofanana: sherehe za Desemba, hofu, kisha wiki moja yenye mbio ndefu mbili na kasi siku tatu. Wanafika wakichechemea, kisigino kimevimba juu ya kiatu au mfupa wa ugoko unauma hata ukiugusa kwa kidole. Huyo wa ugoko mara nyingi namwambia asahau Februari. Kama zoezi limekupita, limepita. Ukikosa siku tatu nne, endelea na ratiba ilipo. Ukikosa wiki nzima, wiki ya kurudi fanya kama robo tatu ya kawaida yako. Ukikosa mbili, rudi kwenye urefu wa mbio uliokuwa nao kabla ya kuacha na uanzie hapo.

Machame. Umeandika kana kwamba ni pengo, na mimi naiona kama sehemu bora ya maandalizi yako. Njia ya kilomita 42 inaanzia Uwanja wa Ushirika, nusu ya kwanza inaelekea upande wa barabara ya Dar es Salaam ambako ni tambarare kiasi, kisha inapanda kwenda Mweka na kurudi mjini kwa mteremko. Yaani kilima kinakuja wakati miguu imeshachoka, na mteremko unakuja baada ya kilima. Kinachowamaliza wengi pale ni kushuka. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inajikaza huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoijeruhi misuli kuliko kupanda. Uzuri wake ni kwamba misuli inajifunza haraka: mteremko mmoja mkali unakuuma mapaja siku mbili tatu, na kwa wiki kadhaa baadaye mteremko kama huo hauumi tena kiasi hicho. Ukiwa Njiro kupata kilima cha namna hiyo ni kazi. Machame unafungua mlango tu.

Lakini uko ukweni, na hilo linabadilisha mambo. Mkamwana hapotei kwa saa tatu nzima asubuhi ya sikukuu wakati ndizi hazijamenywa. Kwa hiyo hapo acha kilomita, hesabu dakika. Toka saa 12 na nusu kukishapambazuka, dakika 75, mara tatu au nne katika siku zile kumi: panda dakika 40 kwa utulivu, tembea penye ukali, kisha shuka kwa hatua fupi za haraka, usijizuie kwa kisigino. Tumia barabara ya lami ile inayopanda kutoka njia panda. Vichochoro vya kwenye migomba vikilowa mvua za vuli vinateleza, na kifundo cha mguu kikigeuka Desemba kitakuuma Februari. Saa 2 kasoro robo umerudi, umeoga, uko jikoni. Mwambie mama mkwe mwenyewe, mapema, kabla hajaambiwa na majirani kwamba mkamwana wake anaonekana anakimbia barabarani. Wazee wengi wa huku walitembea kwa miguu kwenda sokoni na kurudi na mzigo kichwani. Ukimweleza kwamba unajiandaa na safari ya kilomita 42 ataelewa kuliko unavyofikiri. Na kama kuna wapwa wa mume, wa darasa la sita au saba, wachukue. Utapata kampuni, na nyumba itapata utulivu wa saa moja.

Mbege na nyama choma sikukatazi. Ila pombe inaharibu usingizi na inachelewesha misuli kujaza akiba yake ya wanga, kwa hiyo usipange zoezi gumu asubuhi ya siku inayofuata. Kiburu na mtori ni chakula kizuri cha mkimbiaji, kula.

Harusi ni ngumu zaidi kwa sababu inakula wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Vikao vya Jumatano vikiisha saa 4 usiku na ukafika nyumbani saa 5, zoezi la kasi la Alhamisi alfajiri limeshakufa. Lihamishie Jumanne, na lingine liwe Ijumaa. Mimi hutumia kipimo kimoja kwa watu wangu: ukilala chini ya saa sita, siku hiyo hakuna kasi, kimbia polepole au lala. Kikao cha Jumapili hakina shida, kwa sababu Jumatatu ni siku yako ya kupumzika. Kama si hivyo, ifanye iwe hivyo. Siku ya harusi utasimama na kucheza kwa saa nane ukiwa na viatu vya kisigino kirefu, ambavyo vinafupisha misuli ya nyuma ya mguu, na ukitoka ukumbini ukaenda moja kwa moja kwenye mbio ndefu ya Jumapili unaiomba kano ya kisigino kitu isichoweza. Beba viatu vya chini kwenye mkoba, ubadilishe keki ikishakatwa. Jumapili tembea nusu saa. Na kuna kuvunja kamati, ambayo watu husahau kuiandika: kama wajumbe wanataka iwe Ijumaa, wewe kama mweka hazina una sauti, omba iwe Jumapili.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na ni lazima liwemo, kwa sababu kati ya sasa na Februari huenda likatokea. Msiba haupangwi. Ukipigiwa simu kwamba kuna maiti inapelekwa nyumbani kuzikwa, nenda, kaa na wafiwa siku zote zinazotakiwa, na usibebe viatu vya mazoezi kama vitakufanya utazame saa. Umeona hesabu za hapo juu: siku tano hazikuharibii kitu.

Kuhusu mume wako. Ratiba nyingi zinazosambazwa kwenye simu zimeigwa kwa watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao. Mtu kama Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, anarudi kutoka mazoezini akapumzike. Wewe unarudi saa 3 asubuhi ukute watoto watatu na mwanamume aliyekuwa nao tangu alfajiri. Umesema hakukatazi, ila ruhusa ya mwanzo haitoshelezi miezi minne. Mwonyeshe ile orodha ya Jumamosi, aone kwamba ndefu kweli ni chache na ni lini zinaisha. Halafu zile ambazo hukimbii zitaje kuwa ni zake: ya kwake kwenda kwenye mpira, shambani, au kulala. Na mbio ndefu mojawapo ya Novemba igawe mara mbili, kilomita 10 Ijumaa jioni ukitoka kazini na 14 Jumamosi alfajiri, uwe umerudi kabla ya chai. Miguu itapata sehemu nzuri ya faida ya mbio moja ndefu. Usifanye hivyo kila wiki, hasa Januari na Februari, maana kuna uchovu unaokuja baada ya saa mbili na nusu mfululizo ambao lazima ukutane nao mapema.

Wenzako wa kikoba wana haki ya kulalamika, na suluhisho lao liko ndani ya ratiba yenyewe. Siku zako tatu za polepole zinatakiwa ziwe polepole kiasi cha kusema sentensi nzima bila kukatika. Wengi hawawezi, wanakimbia siku nyepesi kwa kasi ya katikati, na siku ya zoezi gumu wanakuta miguu haina kitu. Mwenye rafiki pembeni anayejifunza hana namna ya kwenda mbio. Waambie wawili watatu waje siku mojawapo ya hizo, mjogi na kutembea kuzunguka Njiro, mzungumze yote mnayozungumza kwenye kikoba. Utapata siku yako nyepesi ikiwa nyepesi kweli, na alfajiri ya giza mwanamke akiwa na wenzake yuko salama zaidi. Wakinogewa, siku ya mbio kuna kilomita 5 za kujifurahisha, wajiandikishe. Ila kikao cha kikoba chenyewe usikikose. Kujogi pamoja hakuchukui nafasi ya kukaa chini na watu.

Mwisho ni joto. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 na Moshi iko chini ya 1,000, na Februari hapa kwetu ni kati ya miezi yenye joto kali kuliko yote. Mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 za kukutana na joto ili ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi. Kuanzia wiki ya pili ya Februari, zile mbio zako nyepesi zihamishie jioni saa 10, jua likiwa bado lipo, ukiwa na maji mkononi. Hata hivyo siku ya mbio anza taratibu kuliko unavyojisikia, kwa sababu nusu ya kwanza ya tambarare inadanganya.

Na kama ikifika Jumamosi ya kwanza ya Februari hujawahi kuvuka kilomita 26, au kuna maumivu yanayokufanya ubadili mwendo, hamia kilomita 21. Nayo inapanda Mweka, si mbio ya watoto. Waulize waandaaji sasa hivi kama wanaruhusu kubadilisha umbali na mwisho wake ni lini, usisubiri wiki ya mwisho. Ukishamaliza ile ya 30 niandikie umelalaje usiku ule na umeshukaje ngazi asubuhi yake, tupange wiki tatu za mwisho kwa kutazama hayo.